Inchi 28 Zisizojuana

Walikuwa watatu wanavuta tairi moja. Mkubwa kaweka goti juu ya ringi, wa kati kashika vijiko viwili vya mama yake anavitumia kama mitaimbo, na kitindamimba, ambaye hana nguvu ya kuvuta hata mlango wa kabati, kapewa kazi ya kuhesabu: "Moja, mbili, tatu, haya!" Mimi nilikuwa barazani na kikombe changu cha chai. Niliwaacha wahesabu mpaka mara ya saba. Vijiko vilipoanza kupinda ndipo nikauliza kulikoni.

"Mjomba, tairi limegoma," akasema mkubwa huku anahema. "Na saizi ni ileile! La zamani limeandikwa 28, hili jipya limeandikwa 28. Hebu tazama mwenyewe."

Nikatazama. Hakusema uongo. Tairi kuukuu lililopasukapasuka kama ngozi ya kenge lilikuwa na 28 ubavuni, na lile jipya, linalonukia duka bado, lilikuwa na 28 pia. Na bado lisingeingia, hata tungeita mtaa mzima uje kuvuta.

Baiskeli yenyewe ni ya babu yao, yaani baba yangu mimi. Ni Raleigh nyeusi ya breki za vyuma, aliyoinunua miaka ya 1950 alipokuwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge nje ya Tanga. Baada yake ililala stoo muda mrefu, na kuku wakaona keria ile ni pahali pazuri pa kutagia. Likizo hii wapwa zangu wakaamua kuifufua. Wazo zuri, na mji ni wenyewe: Tanga ni mji wa baiskeli, ukisimama asubuhi kwenye njia panda yoyote ya Ngamiani utapishana nazo mpaka uchoke kuhesabu. Vipuri vimejaa madukani na kwenye vyuma chakavu. Ila kipuri kuwepo ni jambo moja, na kipuri kukubali kukaa ni jambo jingine, na hilo la pili ndilo lililotuchukulia likizo nzima.

Tuanze na tairi hilo. Nanyi mnaosoma, chukueni karatasi na kalamu, maana hapa pana hesabu, na ni hesabu ya kuchekesha.

Zamani, tairi lilipoandikwa inchi 28, ile 28 haikuwa kipimo cha ringi. Ilikuwa kipimo cha nje kabisa, kutoka ukingo mmoja wa tairi lililojaa upepo mpaka ukingo wa pili. Inchi 28 ni milimita 711. Sasa, unaweza kuifikia 711 kwa njia zaidi ya moja. Ringi ya baiskeli ya babu ina kipenyo cha milimita 635 pale tairi linapokalia. Ukiivalisha tairi la unene wa inchi moja na nusu, yaani milimita 38, utajumlisha 38 ya juu na 38 ya chini, na utapata 711. Mwingine akachukua ringi ndogo zaidi, ya milimita 622, akaivalisha tairi nene la inchi moja na robo tatu. Naye akapata 711. Wote wawili wakaandika 28, wote wawili wakasema kweli, na matairi yao hayavaliki kwenye ringi za wenzao hata kwa dua.

Baadaye zikaja siku za matairi membamba. Ile ringi ya 622 ikavalishwa matairi ya kila unene, lakini jina la 28 likabaki, kama mtu anavyoendelea kuitwa Mnene hata baada ya kukonda. Tairi walilonunua wapwa zangu lilikuwa la hiyo 622.

"Tofauti ni milimita 13 tu," akasema wa kati. "Si tungevuta kidogo?"

Chukua kisu, nikamwambia, ukate ukingo wa tairi lile kuukuu. Akakata, akakutana na waya wa chuma. Waya ule umezunguka ukingo mzima na kazi yake ni moja: kutovutika. Ungevutika, tairi lingeruka kwenye ringi siku ya kwanza. Sasa zidisha milimita 13 kwa 3.14, upate mzunguko. Inakuja karibu milimita 41. Kwa hiyo walikuwa wanajaribu kurefusha waya wa chuma kwa sentimita 4, kwa vijiko vya chai.

Inchi 26 nayo ina vituko vyake, tena vikubwa zaidi. Kuna ringi za milimita 559, 571, 584, 590 na 597, na matairi ya ringi hizo zote yameitwa inchi 26 kwa ile ile hesabu ya kupima kwa nje. Ndugu watano wenye jina moja, na hakuna anayeweza kuvaa shati la mwenzake. Halafu ipo hii ambayo mwalimu wenu wa hisabati ataikataa. Tairi la 26 x 1½ na tairi la 26 x 1.5 si sawa. Moja na nusu ni moja na nusu, najua. Lakini lililoandikwa kwa sehemu huvaa ringi ya 584, na lililoandikwa kwa desimali huvaa ringi ya 559. Kulikuwa na fundi mmoja Mmarekani, Sheldon Brown, aliyefanya kazi kwenye duka la baiskeli katika jimbo la Massachusetts na aliyefariki mwaka 2008. Alitumia miaka mingi kuandika vipimo vya baiskeli kuukuu ili mafundi wengine wasihangaike. Onyo lake lilikuwa hilo: ukiona saizi mbili za tairi ambazo kwa hesabu ni sawa, lakini moja imeandikwa kwa sehemu na nyingine kwa desimali, jua hazibadilishani.

Dawa ipo, nayo imeandikwa kwenye tairi lenyewe kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma. Tafuta namba mbili zenye kistari katikati. Tairi la babu lina 40-635. Ya kwanza ni unene wa tairi, ya pili ni kipenyo cha ringi inayolifaa, zote kwa milimita. Hiyo ya pili ndiyo yenye neno. Tulirudi na tairi dukani, muuzaji akanung'unika kidogo, akapanda ngazi, akatushushia jingine lenye vumbi la miaka. 40-635. Lilivalika kwa vidole. Vijiko tulivinyoosha kwa nyundo na kuvirudisha jikoni kabla dada yangu hajatoka sokoni.

Jioni hiyo mkubwa akaniuliza swali lililonifurahisha: kwa nini watengenezaji hawakukubaliana tu tangu mwanzo?

Nikawaeleza habari ya skrubu. Ukiangalia bolti utaona mchirizi unaozunguka kama ngazi za mnara. Hiyo ndiyo hesi. Mpaka karibu miaka 200 iliyopita, kila karakana ilikata hesi zake kwa kipimo ilichopenda. Nati ya karakana hii haikuingia kwenye bolti ya karakana ile, hata zikiwa mtaa mmoja. Uingereza alikuwepo mtengeneza mashine aitwaye Joseph Whitworth, ambaye alikusanya bolti kutoka karakana mbalimbali, akazipima zote, na mwaka 1841 akapendekeza kipimo kimoja cha wote. Wengi wakamfuata. Lakini baiskeli ilipokuja baadaye ilihitaji hesi nyembamba zaidi, kwa sababu mabomba yake ni membamba, na hapo watu wakaanza upya kujichagulia.

Raleigh ilikuwa miongoni mwao. Jina lake limetokana na mtaa mmoja wa mji wa Nottingham, Raleigh Street, kulikokuwa na karakana ndogo ya baiskeli. Frank Bowden aliinunua na mwaka 1888 akaifanya kampuni. Ilikua mpaka ikawa miongoni mwa viwanda vikubwa kabisa vya baiskeli duniani. Kiwanda kikubwa kiasi hicho hujitengenezea karibu kila kitu chenyewe, na anayejitengenezea kila kitu hana haja ya kumuuliza jirani anatumia kipimo gani. Kule chini ya fremu, kwenye bomba fupi ambamo ekseli ya pedali hupita, hufungwa vikombe viwili vya chuma vinavyobeba goroli. Viwanda vingine vingi vya Uingereza, BSA ikiwemo, vilikata hesi 24 katika kila inchi ya vikombe hivyo. Raleigh ilikata 26. Upana wa kikombe ni uleule. Ukiviweka mezani pamoja huwezi kuvitofautisha kwa macho ya haraka.

Hapo nikanyamaza kidogo, maana habari ya vikombe hivyo naijua kwa aibu.

Nilikuwa na miaka 12. Baiskeli ya baba ilianza kulia kwenye pedali, kkrr, kkrr, na nilikuwa nimewaona mafundi wakifanya kazi mara nyingi kiasi cha kujiona mmoja wao. Baba akiwa safari, niliifungua. Kikombe cha kushoto kilikuwa kimechimbika pale goroli zinapopita. Nikaenda kwenye vyuma chakavu na senti nilizokuwa nazo, nikapata kikombe cha BSA kisicho hata na mkwaruzo. Kikaingia kwa vidole mzunguko wa kwanza. Nikaimba. Mzunguko wa pili kikawa kigumu. Wa tatu kikasimama kabisa.

Nikasema ni kutu. Nikatia mafuta ya taa. Kikagoma. Nikaenda kwa jirani fundi bomba nikaazima spana yake ndefu, nikaitundikia uzito wangu wote, na kikombe kikaenda, kinasaga, kinalia kama mbuzi. Nikadhani nimeshinda.

Ukitaka kujua nilichokifanya, chukua vitana viwili. Kimoja kina meno 24 kwa inchi, kingine 26. Viingilianishe. Jino la kwanza litaingia kwenye nafasi yake, la pili litaingia kwa kusuasua, la tatu na la nne yatapanda juu ya meno ya mwenzake. Mpaka kufika nusu inchi, kimoja kimeshahesabu 12 na kingine 13. Wamepishana jino zima. Kikombe ni chuma kigumu kilichochomwa moto kikakomaa. Bomba la fremu ni chuma laini. Kwa hiyo aliyeumia ni bomba: hesi zake za Nottingham nilizifyeka nikazigeuza unga.

Baba aliporudi hakunipiga. Ningependelea anipige. Alisema, "Tuisukume," tukaisukuma mimi na yeye, kimya, mpaka kwa mzee mmoja fundi aliyekaa chini ya mkungu. Yule mzee alikitoa kikombe, akakitazama, akanitazama. Akaniuliza, "Ulihesabu?"

Sikuelewa. Akachukua kikombe kuukuu cha Raleigh na kile cha BSA, akavilaza ubavu kwa ubavu, hesi kwa hesi, akaviinua kwenye mwanga wa jua. "Chungulia." Nikaona mwanga ukipenya kati yao, hapa mwingi, pale kidogo, pale haupo. Kisha akachukua vikombe viwili vya Raleigh akavikutanisha vilevile. Giza. Havikuacha hata uzi wa mwanga. Hicho ndicho kipimo chake, hakikumgharimu hata shilingi, nami nimekitumia tangu siku ile kwa kila bolti nisiyoijua.

Bomba lilipona kwa ujanja. Hesi za ndani zaidi, ambako kikombe changu hakikufika, zilikuwa nzima. Mzee akachukua kikombe kibovu cha Raleigh, akakikata mifereji mitatu ubavuni kwa jiwe la kunolea, kikawa na meno kama ya keekee. Akakitia mafuta akakiingiza kwa upande wa hesi nzima, kutoka ndani kwenda nje, nusu mzunguko mbele, robo nyuma, nusu mbele, robo nyuma, kikisafisha njia. Ilimchukua mchana kutwa. Baba alikwenda kazini kwa miguu siku hiyo, na mimi nilijua kila hatua aliyopiga ilitokana na nini.

Wapwa zangu walipoifungua baiskeli likizo hii wakaingiza kidole mle ndani, wakahisi mikwaruzo. "Huyu ni wewe, Mjomba?" Ndiyo, huyo ni mimi.

Pedali sitaziongelea sana, ila walinichekesha. Walinunua mbili kwenye vyuma chakavu, nzuri, bei poa, na zote mbili za kushoto. Pedali ya kulia hukazwa kama skrubu za kawaida. Ya kushoto hesi zake zimegeuzwa, hukazwa kinyume, la sivyo mguu unavyozunguka ungeifungua polepole mpaka ikudondoshe barabarani. Mwaka 1900 ndugu wawili wa mji wa Dayton huko Marekani waliokuwa na duka la baiskeli walijitangaza kuwa wana pedali isiyofunguka, nayo ilikuwa ya namna hiyo. Majina yao ni Wilbur na Orville Wright, na miaka 3 baadaye walirusha ndege. Ukinunua pedali tafuta herufi L na R kwenye ncha ya ekseli. Na ukitaka kukumbuka upande wa kukazia, shika spana juu ya pedali na uielekeze mbele ya baiskeli. Mbele unakaza, nyuma unafungua, pande zote mbili.

Kazi iliyowafanya wawe mafundi ilikuwa ya pini za krenki. Baiskeli nyingi za siku hizi hazina. Kwenye Raleigh ya babu, mkono wa pedali umeshikwa kwenye ekseli na pini ya chuma iliyochongwa ubavu mmoja kama kabari. Ukiipiga nyundo inajibana kwenye ekseli. Zipo za unene wa milimita 9 na zipo za 9.5. Ya babu ni 9.5. Wa kati alileta ya 9, ikaingia kwa raha mno, akafurahi kama nilivyofurahi mimi na kikombe changu. Nikamwambia ashike pedali atikise. Ikacheza. Nusu milimita tu, lakini kila akikanyaga pini ile itapiga ukuta wa tundu, tundu litazidi kupanuka, na baada ya wiki chache krenki yenyewe itakuwa ya kutupa.

Pini ya unene sahihi nayo haikukaa, kwa sababu ubavu wake uliochongwa ulikuwa mnene mno. Hapo sasa tupa inaruhusiwa. Unaifunga pini kwenye jiliwa, unasugua mara tano kwa tupa ndogo, unaingiza, unatoa, unatazama. Palipong'aa ndipo panapogusa. Ikiwa panang'aa upande mmoja tu, umechonga mshazari, rekebisha. Unarudia. Kitindamimba ndiye aliyekuwa na subira ya kazi hii kuliko wote, sijui ni kwa sababu hakuwahi kupewa kazi nyingine ya maana. Na pini mbili lazima zichongwe sawasawa, kisha ziingizwe kwa kuelekeana kinyume, moja nati yake juu, nyingine chini, la sivyo pedali hazitanyooka na baiskeli itachechemea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Wakati wa kupiga nyundo, simamisha kipande cha bomba chini ya krenki mpaka sakafuni, ili kishindo kiishie ardhini, kisizipige goroli. Ziko 11 kila upande, za robo inchi. Najua idadi kwa sababu tulizimwaga zote na ya 22 tuliipata chini ya kuku anayeatamia.

Bomba la kiti lilikuwa limeoza kwa kutu. Tulilopata lilikuwa jembamba kwa karibu nusu milimita, kiti kikawa kinashuka taratibu mtu akikaa. Hili halihitaji duka. Kata kopo la soda la alumini. Ukuta wake ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Zungusha mara moja, unene wa bomba umeongezeka milimita 0.2, kwa kuwa kila upande umepata 0.1. Tukazungusha mara mbili, tukakaza, kikashika. Lakini sikilizeni: kopo la soda ni la kiti. Kiti kikiteleza utacheka. Usukani ukiteleza hutacheka. Kwenye usukani, uma wa mbele na breki, kipande kisicho saizi yake hakiwekewi kopo, kinarudishwa dukani.

Na breki ndizo zilizotaka kutugombanisha. Ringi ya mbele ilikuwa imepinda, na mkubwa akaja na ringi ya alumini, nyepesi, inameta, kipenyo kilekile cha 635 (safari hii alipima). Sikumkubalia. Breki za vyuma za baiskeli hizi hazibani ringi ubavuni kama breki za waya. Zinavuta mpira kwenda juu, ukasugue upande wa ndani wa ringi, ule unaotazama spoku. Ndiyo maana ringi zake, ziitwazo Westwood, zina mabega mawili bapa upande wa ndani, kama njia ya kupitisha mipira ya breki. Ile ya alumini haikuwa na mabega. Mpira ungegusa mgongo wa mviringo na vichwa vya spoku. Ukivuta breki ungepata sauti tu.

Tena idadi ya matundu yake haikulingana na ya habu yetu. Hesabuni spoku za Raleigh ya zamani: mbele 32, nyuma 40, kwa sababu nyuma ndiko kunakobebwa mzigo. Baiskeli nyingine nyingi zina 36 mbele na 36 nyuma. Jumla ni 72 kote kote, lakini nenda ukamwambie fundi hivyo unapompelekea ringi ya matundu 36 kwa habu ya 32. Tulitafuta siku mbili tukapata Westwood ya matundu 32 kwenye fremu moja iliyokuwa ikitumika kama uzio wa bustani ya mchicha. Mwenye bustani tulimpa ile ya alumini, akaifurahia zaidi.

Kitu kimoja hakikutusumbua hata kidogo: cheni. Ilikuwa ya Kichina, tumeitoa kwenye boksi, tukaitia kwenye gia iliyotengenezwa Nottingham kabla mimi sijazaliwa, ikalala kwenye kila jino. Wapwa zangu walikuwa wamezoea kugombana na kila kipuri, wakashangaa. Cheni ya pingili za kuzunguka ilibuniwa na Hans Renold mjini Manchester mwaka 1880, na baada ya majaribio ya pingili ndefu za inchi nzima, ulimwengu wa baiskeli ukatulia kwenye nusu inchi kutoka pini hadi pini, milimita 12.7. Shanghai wanakotengeneza Phoenix ni 12.7. Ludhiana wanakotengeneza Hero ni 12.7. Cha kutazama ni upana tu: za baiskeli zenye gia nyingi ni nyembamba, na jino nene la baiskeli kama ya babu halipenyi humo.

Sasa inatembea. Fremu ni ya Uingereza, pedali za India, cheni ya China, ringi ya mbele ya bustani ya mchicha na kiti kimeshikwa na kopo la soda. Bado inalia kidogo kwenye mzunguko wa pedali, upande wa kushoto, pale pale.

Nawe kama kuna baiskeli kuukuu stoo kwenu, kabla hujapeleka fedha dukani, futa vumbi ubavuni mwa tairi, tafuta kistari, na uandike kiganjani namba inayokifuata. Ikiwa imefutika, chukua futi ya kupimia nguo, upime kipenyo cha ringi yenyewe pale tairi linapokalia, kwa milimita, mara mbili.